Mlima Mzuri, Barabara Imefungwa

Juzi mjukuu wangu Sharifa alikuja kwangu hapa Sib, nje ya Maskati, kuniaga. Yeye na mumewe wanakwenda nchi za baridi kuteleza juu ya theluji wamefunga mbao miguuni, starehe ya watu waliochoka na mifupa yao. Sharifa ana kazi ya maana wizarani kule Al Khuwair, wakubwa wanamwita kwa cheo chake, na miye sioni haya kusema kwamba kila anayenitembelea huzisikia khabari zake kabla hajapata chai.

Basi akakaa kitako mkekani, akatoa simu, akanisomea khabari za mlima wao. Theluji mpya sentimita thelathini. Chini yake ngumu. Upepo mkali tangu juzi. Kesho jua. "Raha tupu, Bibi!"

"Raha ya nani?" nikamwambia. "Unga mpya juu ya samli iliyoganda, halafu jua lije liupashe moto. Kesho msipite chini ya mteremko wowote. Ngojeni siku mbili unga uketi."

Mumewe, kijana wa adabu, alichekea ndani kwa ndani. Sharifa akateremsha kidole kwenye kioo cha simu, mara kidole kikasimama. Chini kabisa, kwa maandishi mekundu, paliandikwa kama nilivyosema: theluji inaweza kuporomoka, wageni wasubiri. Wakanitazama wote wawili kama waliomsikia paka akitoa salamu.

"Bibi, umejuaje? Theluji yenyewe hujapata kuiona!"

Kweli sijapata kuiona, ila ile inayoota ndani ya friza nikisahau kuisafisha. Na skuli sikwenda. Kusoma magazeti nimejifunza ukubwani, wajukuu wakinicheka. Lakini palikuwa na kipupwe kimoja ambacho nilijua theluji ya mlima mmoja wa mbali kuliko nilivyoujua mtaa wetu. Wao nimewaambia wende zao salama. Nyinyi wa rika langu nawaandikia, maana nyinyi mtaelewa bila ya kuelezwa radio ya betri ilikuwa kitu gani.

Tulikuwa Maskati. Tulifika kutoka Unguja baada ya Mapinduzi, mimi na Mama na Baba na masanduku mawili, tukapanga vyumba viwili chini ya majabali yale meusi ambayo mchana hunywa jua na usiku hulitema. Nilikuwa na miaka minane au tisa, hakuna aliyeandika. Kiarabu changu kilikuwa cha Kurani tu. Nikifungua mdomo mtaani watoto wanakufa kwa kicheko. Baba alikuwa mpishi. Kazi hakupata, akaenda Kuweit, akampikia tajiri mmoja mwaka mzima. Tajiri akaingia ubia wa hoteli juu ya mlima huko Lubnani, ndiyo Lebanoni ya leo, akamchukua mpishi wake kama anavyochukua saa yake ya mkononi. Ndivyo Baba, mtu wa Unguja aliyekuwa akivaa fulana mbili ikinyesha mvua ya vuli, alivyojikuta kwenye theluji.

Barua zake aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu wote. Mama hakufundishwa kusoma. Mimi nilikuwa na juzuu kumi kichwani, kwa hivyo msomaji wa nyumba nilikuwa mimi. Barua ikifika Mama ananawa mikono kama anayekwenda kula, anakaa, anasema, "Haya, mpe baba yako ulimi."

Nami nasoma. Baba hakujua kueleza jambo ila kwa mambo ya jikoni. Aliandika: "Theluji ikishuka mara ya kwanza ni unga wa ngano uliochekechwa mara mbili, ukiupuliza unaruka. Ikikaa siku nyingi inakuwa chumvi ya mawe. Jua likiipiga mchana inakuwa uji, na usiku ule uji unaganda, asubuhi unatembea juu ya sahani ya kigae. Lakini upande wa mlima usioona jua, unga hubaki unga. Watu hupanda huku kutoka mjini, wakafunga mbao miguuni, wakajitupa bondeni kwa khiari yao. Hawana deni na mtu, wala hawakimbizwi. Ntarudi theluji ikeshakwisha, barabara ikifunguka."

Mimi macho yalinitoka. Mama alivuta shela yake, akauliza:

"Imeandikwa hivyo? Ikeshakwisha theluji?"

"Ndiyo, Mama."

"Theluji gani inayomfunga mwanamme miezi mitano?" Akainuka kwenda kutazama chungu. "Theluji hiyo ina wanja machoni."

Sikufahamu. Nilidhani ni aina nyengine ya theluji ambayo Baba amesahau kuitaja.

Aliyefahamu vizuri ni Mjomba Salim, kaka yake Mama, aliyekuwa akituletea mchele na samaki kila wiki na maneno juu yake. Alikuwa na mke na watoto sita na moyo mzuri, lakini ulimi wake ulikuwa jiti la kuchokoa meno. "Asya dada yangu," anasema, "mwaka na nusu. Mume yuko mlimani na wanawake wa Lubnani, weupe kama jibini, weye unakaa hapa unasomewa upishi. Twende kwa kadhi akufungue. Mtu wa heshima anakutaka, ana duka Matrah, ana nyumba ina kisima ndani."

"Nipe muda, kaka."

"Muda wa nini?"

"Wa kujua kama anasema kweli."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Utajuaje, ukiwa Maskati, kama juu ya mlima usiouona barabara imefungwa? Barua ilichukua mwezi na zaidi. Hakuna simu. Pale kwetu hata aliyepata kuiona theluji hakuwapo.

Lakini Bi Rayya alikuwa na radio. Bi Rayya alikuwa jirani yetu, mjane, fundi wa nguo za wanawake, mzaliwa wa Unguja kama sisi lakini aliyesoma Kiarabu kikamkaa sawasawa. Radio ilikuwa ya mwanawe aliyekwenda Bahrein, kubwa kama sanduku la chai, na betri zake hazipatikani ila kwa kusubiri mtu anayesafiri. Kwa hivyo aliifungua kwa kipimo: baada ya laasiri, khabari na Kurani, basi. Siku moja ya Ramadhani nimetumwa kwake kupeleka kanzu ya kupunguzwa, nikamsikia msomaji wa radio anasema neno nililolijua: thalji.

"Bi Rayya! Anasema theluji!"

"Anasema, ndiyo. Ni stesheni ya Lubnani. Kila Ijumaa wanawapa watu wao khabari za milima, ya kwenda kucheza."

"Anasemaje ya mlima wa Baba?" Nikalitaja jina lake, maana nilikuwa nimelisoma juu ya bahasha mpaka limechakaa.

Akategea sikio, sindano mdomoni. "Anasema theluji kimo chake sentimita tisiini. Hali ya mlima nzuri sana." Akaizima radio kwa ncha ya kidole, maana baada ya milima ingekuja miziki, na betri ya Bi Rayya haikuwa ya miziki.

Sentimita sikuzijua. Akachukua utepe wake wa kupimia nguo, akaushusha ukutani, akapiga mstari kwa chaki ya kushonea. Nikasimama hapo. Theluji ilinifika kifuani. Wallahi nilihisi baridi. Nilisimama na mgongo ukutani nimebana pumzi, kama mtu aliyeingia bahari ya asubuhi, Bi Rayya akasema, "Toka huko, utanipakaza chaki nguo za watu."

Tokea siku hiyo Ijumaa zangu zikawa za theluji. Kila wiki nilikuwa pale kabla ya laasiri, nimefunga saumu ya mtoto, ile inayofunguliwa kwa siri. Mistari ikapanda. Mia na kumi: kidevuni. Mia na ishirini na tano: machoni. Idi ilipofika ilikuwa imenipita kichwa, na Bi Rayya akanipandisha juu ya kibao cha cherehani ili nipate kuonekana. "Umekufa," akasema. "Umezikwa. Nani atanipelekea nguo?"

Nilitaka kujua kila kitu. Nilipanda majabali ya nyuma ya nyumba asubuhi, nikayawekea shavu, upande huu na upande ule, nijue jua linaanza kupiga wapi na linamalizia wapi. Nikagundua kwamba lipo bonde moja dogo ambalo jua la kipupwe halilifikii kabisa, jiwe lake baridi mpaka mchana, nikaliita upande wa unga. Upande wa pili ukawa upande wa uji. Watoto walinikuta nimelala na shavu juu ya jiwe, wakasema mtoto wa Waswahili amepata jini.

Kisha Baba akaandika jambo lililonikosesha usingizi. Alisema usiku mmoja mteremko ulio nyuma ya hoteli uliporomoka wote kwa pamoja, ukaizika stoo ya kuni mpaka paa. Nilikaa nikafikiri. Unga ni kitu laini. Unga unaizikaje stoo? Na kwa nini uliketi juu ya mteremko siku zote zile, halafu ukaondoka mara moja kama watu waliosikia adhana?

Basi asubuhi moja ya baridi, Mama kaenda kisimani, nikachukua sinia kubwa. Nikalipaka samli, nikalipandisha darini mpaka samli ikaganda. Juu yake nikachekecha unga, mwingi, unga wetu wa wiki. Nikaliinamisha sinia kidogo kidogo. Hakuna kitu. Nikainamisha tena. Hakuna kitu. Nikaongeza unga konzi moja, na hapo ukapasuka mstari juu kabisa, mwembamba kama uzi, na unga wote ukaja chini kwa pamoja, foo, mapajani mwangu. Nikajaribu juu ya mkeka mkavu: haukuenda popote, mkeka una meno ya kuushika. Nilifurahi nikapiga makofi. Mama akatokea na ndoo kichwani.

"Unafanya nini na unga wangu?"

"Nauporomosha, Mama. Ni samli iliyo chini! Chini pakiwa laini unga hauna pa kushika!"

Alinitandika kwa kipande cha kanga. Kisha akaukusanya unga ule na samli yake, akapika chapati, zikawa chapati nzuri kupita zote za mwaka ule.

Sasa nije kwenye kosa langu, nalo lilikuwa kubwa.

Nambari nilijiwekea mwenyewe. Sentimita, kifuani, kidevuni, hizo zilikuwa mali yangu. Kwa Mama nilipeleka neno moja tu, lile la mwisho. Kila Ijumaa nikirudi mbio, yeye mlangoni, anauliza, "Radio inasemaje?" nami najibu kwa furaha, "Mlima mzuri sana, Mama!"

Sisi ni watu wa bahari. Kwetu ikisemwa bahari nzuri, maana yake vyombo vinakuja, mtu akatandike kitanda cha mgeni. Bahari mbaya ndiyo inayozuia watu. Sikupata hata siku moja kufikiri kwamba mlima unaweza kuwa na hesabu nyengine. Nilijua mlima mzuri ni mlima unaopitika, na kwa hivyo nilikuwa nampelekea Mama bishara. Kila Ijumaa uso wake ulizidi kukaza, nami nikadhani ana hamu.

Alikuwa anahesabu. Mlima mzuri wiki ya kwanza, mume haji. Mlima mzuri wiki ya tano, mume haji, anaandika barabara imefungwa. Wiki ya saba alimwita Mjomba Salim, akamwambia mbele yangu, kwa sauti ya kuagiza chumvi: "Radio yenyewe inasema mlima mzuri. Ananidanganya. Jumamosi ya kesho kutwa twende kwa kadhi."

"Alhamdulillahi," Mjomba akasema, lakini hakuonekana mwenye furaha. Akanitazama. "Na huyu?"

"Huyu ndiye aliyeniletea khabari," Mama akasema, akanishika kichwa.

Ule mkono juu ya kichwa changu nauhisi mpaka leo. Nilifahamu jambo moja tu: Baba anafukuzwa, na anafukuzwa kwa maneno yangu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilikwenda kwa Bi Rayya sina hamu. Siku ile alikuwa na nguo ya bibi harusi chini ya sindano, hariri ya kuteleza, mikono yake yote miwili imeishika. Radio ikasema: sentimita mia na themanini, theluji mpya hamsini, hali ya mlima nzuri mno. Hakuweza kuizima.

"Izime, mwanangu."

Nikanyoosha mkono, na katika kunyoosha nikasikia msomaji hajamaliza. Hapakuja miziki. Anaendelea. "Anasemaje, Bi Rayya?"

"Barabara. Anataja barabara." Akasimamisha gurudumu la cherehani. "Ya mlima wenu imefungwa. Imefungwa tangu... ngoja... tangu kipupwe kianze. Hapiti ila mwenye gari lililofungwa minyororo magurudumuni."

"Lakini si kasema mlima mzuri?"

"Mzuri kwa wanaoteleza, we mtoto! Theluji ikiwa nyingi ndiyo uzuri wao. Wanaotaka kushuka ndio wanaokwama." Akanitazama vizuri. "Kwani ulidhani nini?"

Nilikwisha kutoka.

Mama alikuwa anaipiga pasi ya mkaa nguo yake ya kwendea kwa kadhi. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, na alivyosikia hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeniamini.

"Wiki saba unaniletea mzuri. Leo, siku ya mwisho, unaniletea imefungwa?"

"Mama, ni kimoja! Mzuri na imefungwa ni kimoja!"

"Usinichezee akili."

Nikachukua sinia. Nikachukua samli. Alitaka kunizuia, akaona uso wangu akaacha. Nikafungua utepe mwekundu wa nywele zangu, nikaulaza ukingoni mwa sinia. "Hii barabara," nikamwambia. "Huyu hapa," nikaweka punje ya dengu juu, "ni mtu anayeteleza. Unga ukiwa kidogo, anakwaruzika. Ukiwa mwingi, anafurahi, anasema mlima mzuri. Tazama barabara." Nikachekecha, nikachekecha, nikainamisha. Foo. Utepe ukapotea. Hata ncha yake haikuonekana.

Mama aliliinamia lile sinia. Kisha akaingiza kidole ndani ya unga, akautafuta utepe, akauvuta polepole mpaka ukatoka wote.

Jumamosi Mjomba alipokuja amevaa kilemba cha heshima, Mama alimwambia, "Kaka, nipe Ijumaa moja. Na Ijumaa hiyo twende wote kwa Bi Rayya, ukasikie kwa masikio yako, maana Kiarabu chako ni kikubwa kuliko changu."

"Asya, watu watacheka. Kadhi anangoja."

"Kadhi si theluji, hatayeyuka."

Alikwenda. Alikaa juu ya sanduku la vitambaa, kilemba, bakora na yote, Bi Rayya nyuma ya pazia akizungusha kitufe. Radio ikasema kimo, ikasema nzuri sana, kisha, betri ikitumika bila ya huruma, ikasema barabara. Imefungwa. Mjomba Salim aliitazama radio kama mtu aliyetukanwa na asiyemjua. Mwisho akasema:

"Basi shemeji si mwongo." Akajikuna ndevu. "Ni mjinga tu. Nani mwenye akili anayekwenda kukaa pahala kama hapo?"

Bi Rayya alicheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa.

Tokea hapo Mama mwenyewe alikuwa anakuja. Ndiye aliyekuwa akipiga mstari ukutani, na mimi nikaambiwa nikae kimya. Tulikuwa, nadhani, watu pekee duniani waliokuwa wakifungua stesheni ile wakiomba theluji iharibike.

Ilikuwa Ijumaa ya pili ya mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, Mjomba hayupo, tupo sisi watatu wanawake. Radio ikasema upepo wa joto umepanda kutoka jangwani, theluji imepungua sentimita sitini, mlima mbaya. Na barabara? Barabara wazi. Mama alikamata mkono wangu mpaka ukauma. Siku ya pili yake usiku theluji ilishuka upya, na Ijumaa iliyofuata radio ikatueleza hayo, barabara imefungwa kama kwanza. Lakini siku mbili zile ilikuwa wazi, na Baba hakuja, wala barua aliyoandika karibu na siku zile, ilipofika, haikutaja kitu.

"Mjomba wako asijue kama ilifunguka," Mama akaniambia njiani, tukitoka kwa Bi Rayya. Lakini nguo ile ya kwendea kwa kadhi aliitoa tena sandukuni, akaitundika msumarini, nami kila nikiamka naiona.

Baada ya Idi ya kuchinja ndipo mlima ulipokufa kweli. Kwanza sentimita mia, halafu sitini, halafu msomaji akasema kwa masikitiko kwamba theluji ni uji mpaka kileleni, mawe yametoka, hoteli zinafunga milango, anawatakia wasikilizaji bahari njema. Nilitoka mbio barabarani napiga kelele, "Mlima mbaya! Mlima umeharibika!" Mama, ambaye sikupata kumsikia akipiga kigelegele tangu tuondoke Unguja, alikipiga pale pale mlangoni, majirani wakatoka kuuliza nani kazaa.

Baba alifika wiki tatu baadaye, mchana, na kifurushi kimoja. Alikuwa amekonda na ngozi ya pua imebabuka kwa jua, na hilo lilinishangaza, kwamba theluji inaunguza. Nilimrukia shingoni. Mjomba Salim alikuwapo, alimpa mkono, akakaa pembeni. Mama hakumrukia mtu. Alimpa salamu, akamwekea mto, akakaa mbele yake, dele la kahawa mkononi, kikombe kitupu.

"Nna suala moja," akasema.

"Uliza, Asya."

"Ijumaa ya pili ya mfunguo pili. Barabara yenu ilikuwaje?"

Mjomba akainua kichwa; yeye alikuwa hajui. Mimi nilikuwa najua, na nilitaka kumfinya Baba, kumwambia sijui nini, aseme imefungwa, mtu yeyote angesema imefungwa, kipupwe chote ilikuwa imefungwa.

Baba aliitazama mikono yake.

"Ilikuwa wazi," akasema. "Siku mbili. Nilishuka mpaka kijijini, nikasimama penye basi. Mikono mitupu, hata kiatu cha mtoto sina. Nikaona haya. Nikapanda tena kwa miguu, na usiku ule ikafungwa."

"Ungesema imefungwa," Mama akamwambia, "leo ungelala kwa kaka yangu."

Akamimina kahawa, akampa. Kisha akaninyooshea kidevu. "Zaina, itoe ile nguo msumarini, mtundikie baba yako kanzu yake."